Homa Imekwisha, Mguu Wavimba: Usinyamaze

Mkazi wa Nakuru hahitaji kalenda kujua kwamba mwezi wa Juni umewadia. Ukungu wa asubuhi hulala juu ya Menengai, upepo unaoteremka kutoka Molo na Mau Narok hukata kama wembe, na ndani ya matatu za kwenda Njoro abiria hufunga madirisha yote. Mmoja akikohoa kule nyuma, kabla ya kufika Njoro kikohozi chake kimekwisha kugawiwa watu kumi na wanne.

Juma hilohilo, nyumba baada ya nyumba, mtu hulala. Kichwa chauma, viungo vyauma, pua zatiririka, joto lapanda. Hutafutwa malimau, tangawizi na asali. Mgonjwa hufunikwa mablanketi mawili na kuambiwa alale, asisumbuke. Baada ya siku tano au saba homa hushuka, naye mama mwenye nyumba husema, “Alhamdulillahi” au “Bwana asifiwe”, kila mtu kwa dini yake, kisha maisha huendelea.

Leo ningependa tuzungumze juu ya majuma yanayofuata shukrani hizo. Kwani kuna hatari moja ambayo wengi hawaijui: maradhi ya virusi yanayoshika njia ya hewa, kama vile homa ya mafua na Korona, yanaweza kuifanya damu igande ndani ya mishipa, na donge hilo laweza kutokea wakati mgonjwa anajiona amepona.

Kisa cha dereva

Tuchukulie kuna dereva wa lori wa mtaa wa Kaptembwa, mwenye umri wa miaka 52, mnene kiasi, anayebeba mizigo kutoka Mombasa hadi Malaba. Mfano huu nimeutunga mwenyewe wala simsemi mtu yeyote, lakini kila hatua yake ni jambo linalotokea.

Dereva huyu alishikwa na homa kali na kikohozi. Alilala siku sita, akinywa chai tu kwa kuwa chakula hakikupita. Siku ya nane mwajiri alipiga simu, naye akapanda lori. Alikaa kwenye usukani saa nyingi, akinywa maji kidogo ili asisimame njiani kila mara. Aliporudi nyumbani siku ya kumi na mbili, alivua viatu akasema, “Mama watoto, huu mguu wa kushoto umekaza tangu jana.”

Mkewe alitazama. Shavu la mguu lilikuwa limevimba, lina joto, na ngozi yake yang’aa. Binti yao wa kidato cha tatu alisema, “Baba, twende hospitali.” Baba akacheka: “Hospitali ya nini? Ni klachi hii. Lori halina huruma.” Basi maji yakachemshwa, mguu ukakandwa na kuchuliwa kwa dawa ya kupaka mpaka akapata usingizi.

Alfajiri aliamka kwenda msalani. Hatua ya nne alishika ukuta. Kifua kilimchoma, pumzi ikakatika, jasho jembamba likamtoka, akaanguka.

Tumwache hapo kwa sasa, tutamrudia. Kwanza tujiulize, ni nini kilichotoka mguuni hadi kifuani?

Damu hugandaje?

Kuganda kwa damu ni neema. Ukijikata kwa kisu ukikata sukumawiki, chembe ndogo ziitwazo chembe sahani hukimbilia pale penye jeraha na kushikamana. Kisha protini zilizomo ndani ya damu hufuma nyuzi nyembamba kama wavu, na wavu huo hunasa damu mpaka tundu lizibe. Bila kazi hiyo tungekufa kwa mkwaruzo. Taabu huja wavu huu unapofumwa mahali pasipo na jeraha la nje, ndani ya mshipa mzima, ambamo damu yapaswa kupita.

Rudolf Virchow, daktari Mjerumani aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1856, ndiye anayekumbukwa kwa mafunzo kuhusu madonge ya damu. Hadi leo wanafunzi wa udaktari hufundishwa sababu tatu zinazobeba jina lake: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Yeyote kati ya hawa watatu aweza kuleta donge. Wakikutana wote, hatari huongezeka.

Sasa mtazame mgonjwa wa homa. Amelala siku nzima. Damu iliyoshuka miguuni hupandishwa kurudi moyoni kwa kubanwa na misuli ya shavu la mguu kila tunapopiga hatua. Asipotembea, damu hiyo hujikokota. Hilo la kwanza. Askari wa mwili wanapigana na virusi, na katika vita hivyo ukuta laini wa ndani ya mishipa huumizwa pia. Hilo la pili. Tena mwili ukishambuliwa na viini huzidisha protini za kugandisha damu, kana kwamba unajenga ua kumzingira adui. Ongeza jasho la homa na kukataa maji, damu ikapungukiwa na majimaji. Hilo la tatu. Kwa hiyo homa kali humletea mgonjwa sababu zote tatu kwa mpigo.

Umeona mfereji wa mtaani wakati wa kiangazi? Takataka hujikusanya kidogo kidogo kwenye kona, na hakuna anayejali. Mvua ya kwanza ikinyesha, furushi lile hung’oka, likasukumwa hadi kwenye daraja dogo, likaziba. Donge la mguuni nalo ni hivyo. Likiwa mguuni huleta uvimbe na maumivu. Likimeguka, hupandishwa na damu hadi moyoni, likapita, likaenda kukwama kwenye mishipa ya mapafu. Hapo hewa yaweza kuwa tele chumbani lakini damu haifiki kuichukua. Donge likiwa kubwa, mtu hufariki kwa dakika chache.

Kuna pia madonge yanayotokea kwenye mishipa ipelekayo damu kwenye moyo na ubongo. Likiziba mshipa wa moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Likiziba wa ubongo, huo ni kiharusi.

Tulijifunza nini wakati wa Korona?

Wakazi wa Nakuru hawajasahau. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Korona tarehe 13 Machi 2020. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Machi 2021, kaunti yetu ilikuwa miongoni mwa tano zilizofungwa, pamoja na Nairobi, Kiambu, Kajiado na Machakos. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka, hadi amri hiyo ilipoondolewa tarehe 1 Mei. Katika siku zile sote tulizungumza juu ya mapafu na mitungi ya oksijeni. Wachache walizungumza juu ya damu.

Lakini madaktari walikuwa wameanza kuona. Mapema mwaka 2020, katika hospitali tatu za Uholanzi, walifuatiliwa wagonjwa mahututi 184 wa Korona. Ingawa wote walikuwa wakipewa dawa ya kuzuia kuganda kwa damu kwa kipimo cha kinga, asilimia 31 walipatwa na madhara ya madonge, mengi yakiwa mapafuni. Hiyo ni karibu mtu mmoja kati ya kila watatu.

Huenda utasema, hao walikuwa mahututi, mimi nilikuwa na homa ya nyumbani tu. Basi sikiliza habari za Sweden. Wataalamu wa huko walichunguza kumbukumbu za zaidi ya watu milioni moja walioambukizwa Korona, wengi wao wakiwa hawakulazwa. Waliona kwamba hatari ya donge la mguuni ilibaki juu kuliko kawaida kwa muda wa miezi mitatu, na ya donge la mapafuni kwa miezi sita. Miezi sita, ndugu msomaji, mtu amekwisha kusahau hata jina la dawa alizokunywa.

Nisije nikakutisha bure. Katika uchunguzi huohuo, waliopatwa na donge la mapafuni ndani ya siku 30 za kwanza walikuwa chini ya watu 2 kwa kila 1,000. Wengi wetu tutaugua, tutapona, na damu yetu haitagandia ndani ya mishipa. Ila kama ilivyo kwa ajali za barabarani, uchache wake haumfariji aliyepatwa, na huyo aweza kuokolewa akiwahi.

Wala si Korona peke yake. Homa ya mafua ya kila mwaka, ambayo hospitali yetu kuu ya Nakuru, wengi wetu bado twaiita PGH, imekuwa mojawapo ya vituo vya kuifuatilia humu nchini, nayo ina makucha yake. Watafiti wa jimbo la Ontario, nchini Canada, walitangaza mwaka 2018 kwamba katika siku saba za kwanza baada ya mtu kuthibitishwa kuwa na homa hiyo, uwezekano wake wa kupatwa na mshtuko wa moyo huwa karibu mara sita ya ule wa siku zake za kawaida. Kwa hivyo mzee wako mwenye shinikizo la damu akishikwa na homa, usiseme “ni mafua tu”.

Na ile sindano?

Najua swali linalokukereketa. Shehena ya kwanza ya chanjo ya Korona, zaidi ya dozi milioni moja za AstraZeneca, ilitua Nairobi tarehe 3 Machi 2021. Mwezi huohuo zikasikika habari kutoka Ulaya kwamba chanjo hiyo inagandisha damu, na watu wengi wakaikimbia.

Habari zile hazikuwa uongo mtupu. Ilithibitika kwamba chanjo hiyo iliweza, kwa nadra sana, kuleta madonge ya aina ya pekee, na baadhi ya waliopatwa walifariki. Lakini ukweli nusu ni hatari. Uchunguzi uliofanywa Uingereza juu ya zaidi ya watu milioni 29 waliochanjwa ulilinganisha pande mbili. Kwa kila watu milioni 10 waliopata dozi ya kwanza ya AstraZeneca, walioongezeka kupata madonge ya damu kwenye vena walikuwa 66. Kwa kila watu milioni 10 walioambukizwa ugonjwa wenyewe, walioongezeka walikuwa 12,614. Aliyeikimbia sindano kwa kuogopa damu kuganda alikimbilia kule ambako damu huganda zaidi. Chanjo hiyo iliondolewa sokoni na wenyewe mwaka 2024, nazo zingine zikashika nafasi yake.

Nani awe macho zaidi?

Yeyote aweza kupatwa, lakini kuna watu ambao mizani yao imekwisha kuelemea. Nao ni wazee, watu wanene, wavutaji wa sigara, wenye saratani, kisukari au maradhi ya moyo, waliofanyiwa upasuaji au kufungwa plasta mguuni karibuni, na yeyote aliyewahi kupata donge, au ambaye ndugu yake wa damu aliwahi.

Akina mama wana fungu lao. Mjamzito, na mama aliyejifungua ambaye hajamaliza majuma sita, damu yake ni nyepesi kuganda, maana mwili hujitayarisha kuzuia damu isimwagike wakati wa kuzaa. Tembe za kupanga uzazi zilizo na homoni ya estrojeni nazo huongeza hatari kidogo. Sisemi uziache, nasema umwambie daktari kwamba unazitumia.

Mwishowe kuna kazi zetu za hapa bondeni. Dereva wa masafa marefu hukaa, na mwanafunzi wa Egerton aliyejifungia chumbani na vitabu kwa ajili ya mtihani hukaa vilevile. Anayesafiri kwa basi kutoka Nakuru hadi pwani hukaa usiku kucha magoti yamekunjwa. Kukaa pekee ni hatari ndogo. Kukaa juu ya homa iliyotoka juzi ni jambo lingine.

Dalili za kushika kichwani

Mwanafunzi, andika hizi kwenye karatasi uzibandike jikoni.

Mguuni: mguu mmoja, si yote miwili, unavimba au unauma, hasa kwenye shavu lake. Ngozi huwa na joto, ikanyooka na kung’aa. Kwa mtu mweupe wekundu huonekana. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo tumia mkono kulinganisha joto na utepe wa fundi wa nguo kulinganisha unene wa miguu miwili.

Kifuani: pumzi kukatika kwa ghafla, au kuhema kwa kazi ambayo jana hukuihemea, maumivu ya kuchoma yanayozidi ukivuta hewa, moyo kwenda mbio, kukohoa makohozi yenye damu, kizunguzungu au kuzirai. Kumbuka kwamba wengine hupata donge la mapafuni bila mguu kuvimba hata kidogo.

Kichwani na usoni: mdomo kwenda upande, mkono mmoja kulegea, maneno kukwama. Hicho ni kiharusi, na kila dakika yahesabika.

Ukiona dalili ya mguu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukiona dalili ya kifua au ya kiharusi, nenda sasa hivi, hata kama ni saa nane za usiku. Usimpandishe mgonjwa wa namna hiyo bodaboda, kwani aweza kuzirai njiani. Mwombe jirani mwenye gari. Ndiyo maana ya ujirani.

Mambo ya kutofanya

Kwanza, usiuchue wala kuukanda mguu mmoja uliovimba. Najua kuchua ni upendo, na mama zetu wametuchua tangu utotoni. Lakini kama ndani mna donge, huenda mikono ile yenye upendo ndiyo itakayolimegua.

Pili, usikimbilie dukani kununua aspirini. Watu husema “aspirini huyeyusha damu”, basi wakameza kila asubuhi. Uingereza iliijaribu kwa karibu wagonjwa 15,000 wa Korona waliolazwa, na majibu yakatolewa mwaka 2021: kati ya waliopewa na wasiopewa, asilimia 17 walifariki pande zote mbili. Tena aspirini yaweza kumtoa damu tumboni mtu mwenye vidonda. Na tafadhali, mtoto au kijana aliye chini ya miaka 16 mwenye homa asipewe aspirini kabisa, isipokuwa daktari ameagiza, kwa sababu yaweza kumletea maradhi mabaya ya ubongo na ini. Kama daktari alikwisha kukuandikia aspirini kwa ajili ya moyo, hayo ni mengine. Endelea nayo mpaka umwone.

Tatu, usitumie dawa za kuzuia damu kuganda zilizobaki za jirani. Dawa hizo zikizidi, mtu huvuja damu ndani kwa ndani.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, usinyamaze. Ukifika kwa daktari, au hata kwa yule mhudumu wa zahanati ya mtaani, usiseme tu “mguu wauma”. Sema: “Nilikuwa na homa na kikohozi majuma mawili yaliyopita, nikalala siku sita, kisha nikasafiri.” Sentensi hiyo haina bei, lakini yaweza kumfanya daktari aliyekuwa akifikiria msuli kuvutika afikirie donge. Hakuna mtambo utakaomweleza jambo hilo usipolisema wewe.

Huko hospitalini

Daktari atakuuliza, atakupima miguu, na atabana kifaa kidogo kidoleni kujua oksijeni iliyo katika damu. Aweza kuagiza kipimo cha damu kiitwacho D-dimer, ambacho huonyesha kama mwili umekuwa ukivunjavunja madonge. Mguu hupigwa picha kwa mawimbi ya sauti, kwa mtambo uleule unaotazama mtoto tumboni, hauumi. Mapafu huhitaji skani.

Donge likipatikana, dawa zipo. Heparini hupewa kwa sindano na hufanya kazi upesi; imejulikana tangu 1916. Tembe za warfarini zina hadithi itakayowafurahisha wafugaji wa Njoro na Molo. Katika miaka ya 1920, kule Canada na kaskazini mwa Marekani, ng’ombe walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani makavu ya klova yaliyooza. Mtaalamu Karl Link na wenzake wa Wisconsin waliitafuta sumu hiyo mpaka wakaipata. Kutokana nayo ilitengenezwa sumu ya panya mwaka 1948, na kufikia 1954 ilikuwa ikitumiwa kutibu watu, kwa kipimo kidogo kinachoangaliwa sana.

Anayetumia warfarini hupimwa damu mara kwa mara. Tena asibadilishe ghafla kiasi cha sukumawiki, spinachi au managu anachokula, kwa sababu mboga hizo zina vitamini K inayoipunguza nguvu dawa. Haambiwi aache mboga, bali ale kiasi kilekile kila juma. Miti shamba nayo imwambiwe daktari. Siku hizi kuna tembe mpya zisizohitaji vipimo vingi hivyo, lakini bei yake huwa kubwa. Matibabu kwa kawaida huchukua miezi mitatu au zaidi, na kuyaacha kwa sababu “mguu umepona” ni kulialika donge lirudi.

Kinga nyumbani

Mgonjwa wa homa apumzike, naam, lakini asigeuzwe gogo. Ikiwa ana nguvu, kila baada ya saa moja au mbili mchana ainuke atembee kidogo, hata kama ni kutoka kitandani hadi mlangoni. Asiyeweza kusimama achezeshe vifundo vya miguu juu na chini, mara ishirini, kisha apumzike. Anywe maji, uji, supu. Wenye umri mkubwa na wenye maradhi ya kudumu wamuulize daktari juu ya chanjo ya homa ya mafua na ya Korona. Mvuta sigara, homa hii iwe sababu yako ya kuacha. Na ukilazimika kusafiri mbali kabla ya mwezi kwisha tangu upone, shuka kila gari linaposimama, ukanyooshe miguu Naivasha au Mtito Andei.

Sasa tumrudie dereva wetu. Turudishe saa nyuma hadi jioni ile, mguu uko juu ya stuli, maji yanachemka jikoni. Binti anasema, “Baba, twende hospitali.” Safari hii mama hachukui dawa ya kuchua. Anauzima moto, anavaa leso, anasema, “Baba watoto, mtoto amesema kweli. Homa yako haijamaliza juma tangu itoke, na mguu uliovimba ni mmoja tu.” Wanabisha hodi kwa jirani mwenye gari. Saa tatu usiku daktari ameambiwa yote, na saa nne sindano ya kwanza imechomwa. Mwezi huo lori linaendeshwa na mtu mwingine, mwajiri ananung’unika, na karo inalipwa kwa kuchelewa. Lakini alfajiri baba anaamka kwenda msalani, na anarudi kitandani kwa miguu yake mwenyewe.

Tofauti ya nyumba hizi mbili si fedha wala elimu ya chuo kikuu. Ni sauti ya msichana wa kidato cha tatu, na mzazi aliyekubali kumsikia. Leo baada ya chakula cha mchana, wasomee walio nyumbani zile dalili, hasa yule asemaye kila siku, “Mimi sipendi hospitali.” Kikulacho ki nguoni mwako, na pengine ki katika shavu la mguu wako.